Hesabu ya Mtaa ni Amana

Katika ukuta wa chumba cha shangazi yangu, kwenye mtaa mmoja ulio kando ya bonde la Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, pana mstari wa rangi ya tope ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, na fundi aliyeupiga ni maji ya mafuriko ya Desemba 2011. Mtu mzima akisimama kando yake humfika kiunoni. Chokaa imepakwa juu ya mstari huo zaidi ya mara moja, na kila masika yanapoleta unyevu, mstari hurudi mahali pake, kana kwamba ukuta umekula yamini kutosahau.

Miaka michache baada ya mafuriko yale walifika vijana watatu wenye karatasi na kalamu. Walibisha hodi, wakaamkia, "Shikamoo mama," wakaitikiwa, "Marahaba, wanangu," wakapewa viti na maji ya kunywa. Wakauliza mambo mengi, na shangazi akajibu yote bila ya kuficha: idadi ya watu walalao humo ndani, mahali anapoteka maji na bei ya kila dumu, kaya ngapi hushiriki choo kimoja, mara ngapi watoto wameharisha katika mwezi, na faida anayoipata katika biashara yake ya vitumbua. Kisha wakatoa futikamba, wakaupima ule mstari wa ukutani, wakaandika. Walipoinuka kwenda zao, yeye naye akauliza swali moja: "Wanangu, haya niliyowaambia yatanirudia lini?" Waliahidi kurudi, nao hawakurudi, wala hapakupata kuonekana mtaani kwetu karatasi yoyote iliyoeleza kile walichokiona.

Swali lile nimekaa nalo kwa muda mrefu, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyozidi kuona kwamba ndani yake imo kanuni nzima ya ilimu ya takwimu za mitaa. Mtu anayemweleza mgeni siri za nyumba yake huwa amemkabidhi amana, na amana, kwa sheria ya dini na kwa desturi ya watu wa pwani, haiwi mali ya aliyeipokea hata ikikaa kwake miaka mia. Wajibu wake ni kuitunza na kuirejesha kwa mwenyewe.

Mji uliolipita daftari lake

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ingawa aghalabu methali hiyo huambiwa wafanyabiashara, mtaa nao ni mali, tena mali ya shirika, yenye visima, mitaro, vichochoro, shule, misikiti na makanisa, wazee na watoto. Sensa ya 2012 ilihesabu katika Mkoa wa Dar es Salaam watu 4,364,541, na ile ya 2022 ikahesabu watu 5,383,728; maana yake ni kwamba katika muda wa miaka 10 tu mkoa huu uliongeza watu zaidi ya milioni moja. Hukadiriwa kuwa katika kila wakazi 10 wa jiji hili, wapatao saba hukaa katika makazi yaliyoota bila ya kupimwa viwanja, ambamo nyumba ilitangulia, njia ikafuata, na mtaro ukapita pale palipobaki nafasi.

Sensa ya taifa ni kazi tukufu. Ile ya Agosti 2022 ilitanguliwa na uwekaji wa vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba, makarani wakatumia vishikwambi badala ya makaratasi, na Watanzania 61,741,120 wakapata kuandikwa. Lakini sensa huulizwa swali la taifa na hujibu swali la taifa. Haiwezi kusema ni kalavati gani limezibwa na takataka nyuma ya soko, ni kisima gani hugeuka chumvi mwezi wa tisa, wala ni kichochoro kipi hakipitishi machela ya mgonjwa. Tena huja kila baada ya miaka 10, ilhali mvua huja mara mbili kwa mwaka. Baina ya hesabu kubwa ya nchi na maisha madogo ya kila siku pana pengo ambalo haliwezi kuzibwa na mtu mwingine isipokuwa wenyeji, wakisaidiwa na watu wenye maarifa ya kupima.

Maji yalifika wapi?

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale waliingia katika vichochoro vya kata ile wakiwa na picha za satelaiti na vyombo vya kupokea ishara zake, wakachora ramani ya mahali ambapo katika ramani nyingi palionekana kama uwanja mtupu. Ramani hiyo waliitia katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia nzima iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuisahihisha na kuiongeza bila ya kulipa ada. Mwisho wa mwaka huohuo ndipo yalipokuja mafuriko makubwa niliyoyataja, yakaua watu wasiopungua 40 jijini, na baadhi ya waliopoteza nyumba bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Msiba ule uliwafanya wengi watambue kwamba kutojua mtaro uko wapi si upungufu wa kitaalamu peke yake, bali ni jambo linaloweza kumgharimu mtu roho yake.

Mwaka 2015 ukaanza mradi ulioitwa Ramani Huria, ukiwakutanisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Chama cha Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na wachoraji wa ramani za misaada ya kibinadamu. Ndege ndogo zisizo na rubani zilirushwa juu ya mapaa ya mabati zikapiga picha, na wanafunzi waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo wakaungana na vijana wa mitaa kushuka chini na kuyahakikisha kwa miguu yale yaliyoonekana kutoka juu.

Kazi yenyewe inastahili kuelezwa, kwa kuwa haihitaji miujiza ila subira. Kundi dogo huufuata mtaro tangu kichwa chake hata unapomwaga maji yake mtoni. Kila baada ya hatua kadhaa husimama, hupima upana na kina, huandika kama umejengwa kwa saruji au ni handaki la udongo, huangalia mkondo unaelekea wapi, na pale panapozibwa huandika panazibwa na nini: mchanga, mifuko, matairi, au ukuta wa mtu aliyejisogeza usiku. Kutoka juu mtaro huonekana kama uzi mmoja. Chini ndiko hujulikana kwamba uzi huo umekatika mahali patatu, na kwamba maji yakifika kwenye kila mkato hutafuta njia nyingine, na njia hiyo hupita katika nyumba za watu.

Kisha huulizwa wakazi. Mwaka ule wa mvua kubwa maji yalifika wapi? Huyu hujibu kwa kifundo cha mguu, yule kwa goti, na mwingine kwa kifua, na mwanamke mmoja huonyesha msumari ambao alitundikia mkeka wake usilowe. Ukiziandika kumbukumbu hizo nyumba kwa nyumba, zikalinganishwa jirani kwa jirani, yule anayetia chumvi husahihishwa na tisa wasiotia, na mwishowe mwili wa mwanadamu huwa kipimo cha kutegemewa mahali ambapo hapakuwekwa kipimo chochote cha mto. Mstari wa ukutani kwa shangazi yangu ulikuwa takwimu kabla ya kupimwa kwa futikamba. Aliyepungua ni mwandishi tu.

Msaidizi mkubwa katika kazi hiyo ni mjumbe wa nyumba kumi. Daraja hiyo ya uongozi ilibuniwa na chama cha TANU katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na hata leo katika mitaa mingi mtu akipotelewa, akifiwa, au akitaka barua ya kumtambulisha, humwendea mjumbe kabla ya kwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mipaka ya mashina, yaani ya hizo nyumba kumikumi, ambayo kwa miaka mingi ilikaa vichwani mwa wajumbe, inaweza kuchorwa nao wenyewe juu ya ramani, na mara hiyo elimu iliyokuwa ikifa pamoja na wazee huwa kitabu cha wajukuu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na hodari wa kupima, awe ametoka chuo gani, hana budi kuketi kwanza kitandani pa mwenyeji.

Ushahidi wa jambo hili ni mkongwe. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoibuka katika mtaa wa Soho, mjini London, kikaua watu zaidi ya 500 katika siku zipatazo 10, tabibu John Snow alikwenda mlango kwa mlango akiuliza kila marehemu alikunywa maji ya wapi. Majibu yakamwelekeza kwenye pampu moja katika njia ya Broad Street, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo ukang'olewa. Lakini chanzo chenyewe hakikugunduliwa na yeye. Kilipatikana baadaye kwa jitihada ya Henry Whitehead, kasisi kijana wa mtaa uleule, ambaye hapo kwanza hakuiamini rai ya Snow, na aliyezijua familia zile kwa kuzizuru. Kwa kuuliza na kurudia kuuliza alifika katika nyumba namba 40, iliyokuwa jirani na pampu, ambamo mtoto mchanga alikuwa ameugua, na maji yaliyofuliwa nguo zake yakamwagwa katika shimo lililovuja. Tabibu alileta njia ya kuhesabu, jirani akaleta ujuzi wa watu, na ukweli ukakamilika kwa wawili. Dar es Salaam nayo ilipopatwa na kipindupindu Agosti 2015, haja ya kujua kila mgonjwa anatoka shina gani na anachota maji wapi ilikuwa ni haja ileile ya Soho.

Idadi hushinda uvumi

Kwa miaka mingi Kibera ya Nairobi ilitajwa katika magazeti na katika hotuba kwamba ina wakazi milioni moja, hata jambo hilo likawa kama aya isiyohitaji ithibati. Sensa ya Kenya ya 2009 ikahesabu watu 170,070. Wapo waliobishana na hesabu hiyo, na mabishano juu ya hesabu ni heri kuliko utulivu juu ya uvumi, kwa sababu hesabu huonyesha ilivyopatikana na inaweza kurudiwa, ilhali uvumi hauna baba wa kuulizwa. Katika miezi ya mwisho ya mwaka huohuo vijana 13 wa Kibera walifundishwa kuchora ramani ya vijiji vyao: vyoo, visima, zahanati, shule, na mahali penye taa na pasipo na taa. Kazi hiyo, iliyoitwa Map Kibera, ilichapishwa pia karatasini na kuchorwa kutani, ili mpita njia asiye na kompyuta wala simu ya thamani apate kuiona kwao.

Hesabu ya wenyeji humdhihirisha pia yule ambaye sheria haimwoni. Mjini Bombay, India, mwaka 1985, shirika la SPARC pamoja na wanawake waliolala kando ya barabara walihesabu kaya zao wenyewe, na taarifa yao ikawa ya watu ambao katika vitabu vya serikali hawakuwamo kabisa. Mfano huo ulivuka bahari. Upanuzi wa bandari ya Dar es Salaam ulipowataka watu wahame Kurasini, fidia iliwahusu wenye nyumba, na wapangaji, waliokuwa wengi, hawakuwamo. Shirikisho la watu maskini wa mijini, likisaidiwa na Kituo cha Mipango ya Jamii, liliwaandika watu hao, likakusanya akiba zao ndogondogo, na hatimaye ikanunuliwa ardhi ya ekari 30 huko Chamazi wajenge makazi mapya. Ekari 30 hazikuweza kutosha wote waliohamishwa. Lakini mpangaji aliyekuwa sifuri katika daftari la fidia alipata kuwa moja katika daftari la wenzake, na kutoka katika moja hiyo ndipo inapoweza kuanza haki.

Hatari za amana

Insafu inanilazimisha kusema pia kwamba hesabu peke yake si ngao. Mukuru, makazi makubwa ya Nairobi yanayojumuisha Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, yana kaya zaidi ya 100,000. Huko Muungano wa Wanavijiji, wakisaidiana na vyuo vikuu na mashirika mengi, walikusanya takwimu zilizothibitisha jambo la kusikitisha, kwamba fukara wa Mukuru hulipa maji kwa bei kubwa kuliko mkazi wa mtaa wenye mabomba. Kwa nguvu ya ushahidi huo Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru, Agosti 2017, kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi wakashiriki kupanga barabara, maji na shule zao. Baadaye barabara na mabomba yakaanza kujengwa. Hata hivyo, Novemba 2021, maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao ili kupisha ujenzi wa barabara. Takwimu zilikuwapo, mpango ulikuwapo, na tingatinga likapita.

Sikisemi kisa hicho ili kuwavunja watu moyo. Nakisema kwa kuwa kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba hesabu hupata nguvu kwa wenyewe kuijua na kuisimamia kila siku; ikifungiwa kabatini haimzuii mtu. La pili ni kwamba ramani imwonyeshayo mwokoaji njia ya kuingia humwonyesha mbomoaji njia hiyohiyo. Kwa hiyo pana mambo ya kuandikwa hadharani, kama mtaro, kisima, taa na zahanati, na pana mambo ya kusitiriwa, kama maradhi ya mtu, kipato chake, na kauli yake juu ya jirani yake. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria hizo ni njema, lakini mlinzi wa kwanza ni dhamiri ya kijana anayeshika dodoso: je, swali hili lina manufaa gani kwa huyu ninayemuuliza? Lisilokuwa na jibu na liachwe, kwa maana kumdodosa mtu kwa jambo lisilomfaa ni kumnyang'anya wakati wake na stara yake.

Daftari la mtaa

Ningependa kuona kila ofisi ya serikali ya mtaa ina daftari lake, liwe la karatasi au la kompyuta, lenye mambo machache yanayopimwa vizuri kuliko mengi yanayokisiwa: mitaro na mahali inapoziba, vyanzo vya maji na bei ya dumu, vyoo vya pamoja, watoto wa umri wa shule wasiokwenda shule, wazee wanaoishi peke yao, na mahali ambapo gari la zimamoto haliwezi kufika. Vijana waliomaliza shule na wasio na kazi wangefundishwa kuyapima kwa siku chache, wajumbe wangewatembeza, na daftari lingefunguliwa upya mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, ili mwaka huu ufananishwe na mwaka jana.

Kisha, na hili ndilo kubwa kuliko yote, yaliyopatikana yasomwe katika mkutano mkuu wa mtaa kwa lugha ya watu. Kijana asimame aseme: tulikwenda nyumba kadhaa, tukaona mitaro minne, miwili imeziba, mmoja umezibwa na sisi wenyewe. Hapo ubishi utatokea, na ubishi huo ni sehemu ya upimaji. Mwenye kosa lake atasahihishwa mbele ya majirani, mwenye ukuta uliojisogeza atatakiwa kuurudisha, na mtendaji akienda manispaa kuomba kalavati hatakwenda na malalamiko matupu, atakwenda na urefu, upana, na idadi ya nyumba zitakazonusurika. Serikali husikia kilio, lakini bajeti huandikwa kwa tarakimu, na mtaa usiokuwa na tarakimu huandikwa mwisho kama huandikwa.

Kabla ya masika yaliyopita, vijana wa mtaa wa shangazi yangu waliifanya kazi hiyo wenyewe, wakaibandika ramani yao katika ukuta wa ofisi. Nilimsindikiza kwenda kuitazama. Alivaa miwani, akasogea karibu, akaanza sokoni akifuata njia kwa kidole, akapita msikiti, akaipata nyumba yake, na pembeni mwa nyumba hiyo akakuta imeandikwa: maji, kiunoni, 2011. Alinyamaza kitambo. Kisha akamwita kijana aliyekuwa mezani akamwambia, "Mwanangu, hapa mmekosea. Mtaro huu haupiti nyuma ya msikiti, unapita mbele." Kijana alikuja na penseli na kifutio, akaufuta mtaro, akauchora upya mbele ya macho yake, huku yeye akimwelekeza kwa kidole mahali unapokata kona.